Katoni 12 za sabuni: VAT iliporudi 16 na programu yetu ikakwama kwenye marejesho

Wiki ya pili ya Januari 2021, mwenye duka mmoja wa Githurai alirudisha katoni 12 za sabuni ya kufulia kwenye duka la jumla lililo karibu na Nyamakima, Nairobi. Zilikuwa zimelowa ndani ya lori. Hakuna aliyebishana naye. Alizinunua Desemba kwa Sh5,700 katoni, akarudishiwa Sh68,400 zake zote, akapewa hati ya marejesho na kwenda zake. Siku mbili baadaye akapiga simu.

“Mbona mnanikata kodi ambayo sikuwahi kudai?”

Aliyeipokea simu hiyo kaunta hakumwelewa, na kusema kweli hata mimi sikuelewa mara moja, ingawa programu ya duka lile nilikuwa naitunza mimi tangu 2014. Pesa alikuwa amepata zote. Sasa analalamikia nini?

Kabla sijaendelea, niombe radhi kuhusu neno moja. Mjini hapa “kodi” ni ile ya serikali, ni ile ya nyumba, na sisi waandishi wa programu tumeongeza ya tatu: kodi tunayoiandika kwenye kompyuta. Katika kisa hiki kodi ni ya serikali peke yake. Yetu nitaiita msimbo.

Mteja wa Githurai amesajiliwa kulipa VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani. Ankara yake ya Desemba ilionyesha bei ya msingi Sh5,000 kwa katoni na kodi Sh700, yaani asilimia 14, na kwa katoni 12 kodi hiyo ni Sh8,400. Hicho ndicho kiasi alichokidai kama kodi ya manunuzi, yaani kodi aliyolipa akinunua, ambayo huipunguza kwenye ile anayoipelekea serikali. Hati ya marejesho tuliyompa Januari ilisema kodi ni Sh9,434.48. Programu ilikuwa imechukua Sh68,400, ikaigawa upya kwa asilimia 16 iliyorudi tarehe 1 Januari, ikatoa kodi kubwa kuliko ile iliyotozwa. Angeiingiza hati hiyo kwenye vitabu vyake, angepunguza madai yake kwa Sh1,034.48 ambazo hakuwahi kuzidai. Angeiacha, takwimu zake na zetu zisingelingana, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, hulinganisha ankara za muuzaji na za mnunuzi. Mtu wa watu alikuwa na haki ya kupiga kelele.

Kosa lenyewe ni dogo. Ila nilipoanza kulifuata kinyumenyume nilikuta lilikuwa limekaa miezi tisa.

Turudi Machi 2020. Jumatano tarehe 25, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza hatua za kupunguza makali ya korona, na mojawapo ilikuwa kushusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 kuanzia tarehe 1 Aprili. Tulikuwa na wiki moja. Katikati ya wiki hiyo kafyu ikaanza, saa moja jioni kila mtu awe nyumbani, kwa hiyo hata usiku wa kazi tulinyang’anywa. Kiwango cha 16 kilikuwa kimekaa tangu 2003, kiliposhushwa kutoka 18. Miaka 17 ni mirefu kuliko ajira ya waandishi wengi wa programu Nairobi. Wengi wetu hatukuwahi kuona VAT ikibadilika, na kitu ambacho hujawahi kukiona kikitikisika unakiandika kama jiwe la msingi.

Hapo sina utetezi. Sheria ya VAT ya 2013, kifungu cha 6, inampa waziri uwezo wa kupandisha au kushusha kiwango kwa hadi robo yake. Yaani palipo na 16, sheria yenyewe ilikuwa inaniambia kwamba siku yoyote inaweza kuwa 12, au 20, au chochote katikati. Programu niliiandika mwaka mmoja baada ya sheria hiyo. Sikuisoma. David Parnas, mwanasayansi wa kompyuta, aliandika mwaka 1972 kwamba programu igawanywe kwa kufuata maamuzi yanayoelekea kubadilika, kila uamuzi ufichwe mahali pake pamoja. Parnas nilikuwa nimemsoma. Sheria ya kodi ya nchi yangu ndiyo sikuisoma.

Kazi ya wiki ile ilikuwa kuwinda. Ukitafuta “16” katika msimbo unapata kila kitu: ukubwa wa herufi, urefu wa namba za kumbukumbu, betri za pakiti ya 16, upana wa risiti. Hayo ndiyo yanayochosha. Yanayoua ni yale usiyoyapata. Kuna mahali kodi ilihesabiwa kwa kuzidisha na 0.16, mahali pengine bei iligawanywa kwa 1.16, mahali pengine mtu aliyeogopa kugawanya alizidisha kwa 0.862069. Hizo tulizinasa kwa sababu tulijua kuzitafuta. Kisha mhasibu wa duka, mama mmoja mpole mwenye miwani ya kamba, akaniuliza: “Na saba nukta mbili tano mmeibadilisha?”

Nikamtazama tu. Akanionyesha kikokotoo chake. Juu yake kulikuwa na kipande cha plasta kilichoandikwa 7.25 kwa kalamu ya wino. Wahasibu wa zamani hawahangaiki na asilimia. Bei iliyo na kodi ukiigawa kwa 7.25 unapata kodi moja kwa moja, kwa sababu 116 gawanya kwa 16 ni 7.25 kamili. Aliyeandika ripoti ya mwezi, ambaye alishaondoka, alikuwa amemuuliza yeye “kodi mnaipataje?” akamjibu alivyozoea, na jibu likaingia kwenye msimbo jinsi lilivyo. Hakuna 16 pale, wala neno VAT. Hakuna programu ya kutafutia maneno ambayo ingeniambia kwamba 7.25 na 0.862069 ni ndugu wa baba mmoja. Kwa asilimia 14 kigawanyo ni 8.142857 na kuendelea, namba isiyoshikika kichwani, na mama yule alinung’unika mwaka mzima.

Wasomi wa fani hii wana majina ya hali hizi. Robert Arnold na Shawn Bohner, katika kitabu walichokihariri mwaka 1996, walitenganisha vitu unavyojua vitaguswa mwanzoni, vitu unavyokadiria vitaguswa baada ya kuchunguza, na vitu vilivyoguswa kweli kazi ilipoisha. Kati ya makadirio na ukweli kuna hasara za aina mbili: ulivyovishuku bure, na vilivyojitokeza bila kushukiwa. Betri za 16 ni za kundi la kwanza. Plasta ya mama ni ya kundi la pili, na ilituokoa kwa sababu tu yeye alikuwa na tabia ya kuuliza.

Tarehe 1 Aprili risiti zilitoka na 14. Tulipongezana kwa simu.

Tulichofanya ni kuondoa namba zote zilizotawanyika na kuweka kiwango mahali pamoja, kwenye ukurasa wa mipangilio. Sehemu moja, namba moja. Vitabuni hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini jedwali la mauzo lilikuwa linahifadhi jumla iliyo na kodi peke yake. Kiwango hakikuandikwa, kodi haikuandikwa. Mwaka 2014 niliona ni upotevu wa nafasi kuandika kitu kinachoweza kuhesabiwa wakati wowote. Kwa hiyo kuanzia Aprili, namba ile moja kwenye mipangilio ilitawala mauzo ya leo na pia ya Machi, ya Februari, ya 2016. Ukichapisha upya risiti ya Krismasi ya 2019, inatoka na asilimia 14.

Mhasibu aliliona hilo ndani ya wiki mbili. Taarifa ya VAT ya Machi huwasilishwa kufikia tarehe 20 Aprili, na yeye alipochapisha ripoti ya Machi akakuta kodi imepungua. Tukafanya nini? Baada ya duka kufungwa, nilirudisha mpangilio kuwa 16, nikachapisha ripoti ya Machi, nikarudisha 14. Dakika kumi. Kafyu ilisaidia, hakukuwa na mteja wa usiku. Tuliita hiyo “kugeuza swichi” na tuliicheka. Ningetakiwa kulia. Mtu anayelazimika kurudisha saa nyuma ili programu iseme kweli ameshaambiwa tatizo liko wapi, na sisi tulimeza tu dawa ya maumivu.

Sasa marejesho. Programu ya marejesho huchukua mauzo ya awali, inasoma jumla, inaitenganisha upya kuwa bei ya msingi na kodi kwa kutumia mpangilio wa sasa. Kwa hiyo Aprili 2020 ilikuwa na kosa lile lile la Januari 2021. Tulipochambua hati za Aprili hadi Juni tukazikuta. Katoni iliyouzwa Machi kwa Sh5,800 ilikuwa na kodi Sh800. Iliporudishwa Aprili, hati ilisema kodi ni Sh712.28. Tofauti ya Sh87.72 kwa kila katoni, na hakuna hata mteja mmoja aliyepiga simu.

Kwa nini? Kwa sababu Aprili kosa lilimnufaisha mteja. Alikuwa amedai Sh800, hati inamwambia apunguze Sh712.28 tu, salio linabaki kwake. Aliyeumia ni duka letu, lililopunguza kodi yake ya mauzo kwa kiasi kidogo kuliko haki yake, yaani lililipa serikali zaidi. Duka halikuona kwa sababu pesa taslimu zililingana hadi senti: Sh5,800 ziliingia, Sh5,800 zikatoka. Januari kiwango kilipopanda tena kuwa 16, mwelekeo wa kosa ukageuka. Sasa anayeumia ni mteja, na mteja ana simu. Msimbo haukubadilika hata herufi moja kati ya siku hizo mbili.

Hili ndilo jambo ambalo sijaona likisemwa vya kutosha wanapofundisha kufuatilia athari za mabadiliko. Tunachora mishale: sehemu hii inaita ile, ile inaita nyingine, mahali mshale haufiki pako salama. Halafu tunangoja kelele zituambie tulichokosa. Lakini kelele hupigwa na aliyeumia akajua kwamba ameumia. Aliyefaidika ananyamaza, na aliyeumia bila kujua ananyamaza vile vile. Kimya cha miezi tisa tulikihesabu kama jaribio lililofaulu.

Mishale yenyewe nayo ilitudanganya. Mwaka 1981 Mark Weiser alieleza mbinu ya kukata programu vipande: unashika tarakimu moja mahali fulani, unarudi nyuma ukikusanya kila mstari uliochangia kuipata, mingine unaitupa. Nilijaribu hivyo kwa mkono, nikianzia kwenye ile 9,434.48. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha nikafika kwenye amri inayosoma jedwali la mauzo katika MySQL, hifadhidata yetu, na njia ikakatika. Kwa chombo kinachosoma msimbo wa PHP, lugha tuliyoandikia programu, anayeandika kwenye jedwali na anayesoma kutoka humo hawajuani. Programu ya mauzo haiiti ya marejesho popote. Zinakutana ndani ya hifadhidata kama watu wawili wanaotumia kisima kimoja kwa saa tofauti.

Kulikuwa na njia nyingine ya kuona, na ilikuwa mikononi mwetu. Mwaka 2004 Thomas Zimmermann na wenzake walionyesha kwamba historia ya mabadiliko inaweza kukuongoza: faili ambazo zamani zilibadilishwa pamoja zina uhusiano hata kama msimbo hauonyeshi mshale kati yake. Baada ya simu ya Githurai nilifungua historia yetu katika Git, chombo kinachotunza kumbukumbu za kila badiliko la msimbo. Kila mara faili ya ankara ilipoguswa, ile ya marejesho iliguswa ndani ya siku chache: tulipoongeza punguzo la bei, tulipobadilisha muundo wa namba za ankara, tulipoanza kuuza kwa vipande. Kila mara isipokuwa Aprili 2020. Pengo lile lilikuwa limekaa pale wazi, kama kiti kitupu kwenye meza ya watu wanaokula pamoja kila siku, na hakuna aliyeuliza mwenzao yuko wapi.

Kuna kisa maarufu zaidi cha sehemu isiyoguswa. Roketi ya Ariane 5 ilipotea tarehe 4 Juni 1996, chini ya dakika moja baada ya kuruka, kwa sababu kipande cha programu kilichotoka Ariane 4 kilijaribu kuingiza namba ya biti 64 ndani ya nafasi ya biti 16. Kipande hicho kilikuwa kimefanya kazi vizuri kwenye roketi ya zamani. Kilichobadilika ni mwendo wa roketi kilimowekwa. Sisi hatukuangusha roketi, tulilowesha katoni za sabuni tu. Lakini programu yetu ya marejesho nayo haikuwa imeharibika. Ilikuwa inaamini kitu ambacho kilikuwa kweli tangu iandikwe: kwamba kiwango cha siku ya kununua ni kile kile cha siku ya kurudisha.

Nilipokubali kwamba msimbo peke yake hautaniambia, nilifunga kompyuta. Nilichukua ankara moja ya Desemba na kuifuata kwa miguu. Kaunta, ghala la Barabara ya Enterprise, meza ya mhasibu, faili la nakala, tableti za wauzaji wanaozunguka, hadi Githurai kwenye daftari la yule mwenye duka. Kila mahali niliuliza swali moja: karatasi hii ukiwa nayo, kodi unaihesabu au unaisoma? Wanaoisoma hawana shida. Wanaoihesabu upya, kila mmoja ni mahali ambapo badiliko litafika siku moja.

Niliwapata wahesabuji watano nje ya programu. Plasta ya mama. Faili la Excel la tawi la Gikomba ambalo hadi leo hakuna anayekiri kulitengeneza. Tableti. Fomu ya makadirio ya bei iliyochapishwa kiwandani ikiwa na maneno “VAT 16%” chini yake. Na mteja wetu mmoja mkubwa aliyekuwa anahesabu kodi mwenyewe kutoka kwenye jumla, kisha anashangaa tukitofautiana kwa senti.

Sheria nayo iliongeza mkia. Hati ya marejesho inaruhusiwa ndani ya miezi 6 tangu ankara itolewe. Kwa hiyo asilimia 14 haikufa tarehe 31 Desemba 2020. Katoni iliyouzwa siku hiyo ingeweza kurudi mwishoni mwa Juni 2021 ikiwa na kodi yake ya zamani. Kwa miezi 6 viwango viwili vilikuwa halali kwa wakati mmoja dukani, na programu yetu ilikuwa na nafasi ya kimoja.

Dawa ilikuwa rahisi kuitaja. Kila mstari wa mauzo ubebe kiwango chake na kodi yake kama ilivyotozwa siku ile. Viwango viwe na jedwali lenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Marejesho yasihesabu chochote, yasome tu. Cha kuudhi ni kwamba nusu ya dawa hiyo tulikuwa nayo tangu 2018. Septemba ya mwaka huo mafuta yalipowekewa VAT ya asilimia 8, programu ya manunuzi ilishindwa kupokea ankara za dizeli ya malori, na kijana aliyekuwa nasi wakati huo akaongeza safu ya kiwango kwenye kila mstari wa manunuzi. Alimaliza kwa alasiri moja. Hakuna aliyefikiri kwamba alichogundua kuhusu manunuzi ni kweli pia kuhusu mauzo, nikiwemo mimi niliyemkagulia kazi.

Kujaza rekodi za zamani ndiko kulikotutoa jasho. Nilidhani tarehe ingetosha: kabla ya 1 Aprili 2020 weka 16, kuanzia hapo weka 14, kuanzia 1 Januari 2021 weka 16. Jumla za mwezi Aprili zikakataa kulingana na mashine ya risiti za kodi. Ikaja kujulikana kwamba tableti mbili zilizokuwa bila mtandao ziliendelea kuuza kwa 16 hadi tarehe 3 Aprili. Tarehe inasema 14, karatasi aliyopewa mteja inasema 16, na mbele ya sheria karatasi aliyopewa mteja ndiyo iliyotokea. Tulitoa makasha ya nakala, tukakaa sakafuni ghalani siku mbili, mhasibu akisoma na mimi nikiandika. Rekodi zile tulizijaza moja moja.

Mwenye duka la jumla aliniuliza, si kwa ukali, “Sasa kijana, hii yote ni kwa sababu ya sabuni?” Nikamwambia, ndiyo mzee. Mteja wa Githurai aliandikiwa hati mpya yenye Sh8,400. Hati za Aprili hadi Juni 2020 alizikabidhi mhasibu kwa mshauri wa kodi, na walichoamua kuhusu zile Sh87.72 hakikuwa changu kukijua.

Tarehe 1 Julai 2023 VAT ya mafuta ilipanda kutoka 8 hadi 16. Tuliongeza mstari mmoja kwenye jedwali la viwango na kuufungia ule wa zamani tarehe 30 Juni. Wiki iliyofuata dereva alileta ankara ya dizeli ya Juni aliyoisahau ndani ya kabati la lori, ikapokelewa na asilimia 8 yake bila mtu kuniita. Fomu za “VAT 16%” zilikwisha, zilizochapishwa baadaye hazina namba. Faili la Gikomba bado lipo. Plasta ya 7.25 nayo ingali juu ya kikokotoo, imefifia na kuandikwa upya. Katika ramani tuliyochora ya wahesabuji wote wa kodi ina mstari wake, na upande wa kulia tumeandika meza ilipo.